Karatasi ya Kuharibu

Siku ya kwanza nilipokalishwa mbele ya kompyuta, niliweka mikono chini ya mapaja nikaikalia. Gérant, yaani msimamizi wa studio yetu pale Kilibula, mtaa mmoja wa Uvira, alisogeza kiti chake karibu na changu, akaniambia nishike souris, kile kidude cha kusukumia mshale. Sikukishika. Nilikitazama tu.

"Mama Sifa, weye unaogopa nini? Ile ni machine, haiko nyoka."

"Minye naogopa kuharibu."

"Haiharibike juu ya kufinya tu."

Nilimwamini nusu. Nusu nyingine niliiweka akiba, na mambo yaliyokuja baadaye yalionyesha kwamba sikukosea.

Kabla ya kuendelea, ninyi vijana mnaoniuliza namna ya kuanza albamu ya kompyuta, mjue kwanza anayewajibu ni nani. Mimi ni mwoga kwa tabia. Marehemu mume wangu alikuwa akisema mama Sifa anaweza kurudi njiani kwenda kuzima jiko ambalo hakuliwasha. Nilifanya kazi ya picha maisha yangu yote ya utu uzima, na sidhani kama nililala siku moja bila kujiuliza kama picha ya fulani imekauka vizuri, au kama nimebandika sura ya mtu juu chini.

Nilianza nikiwa msichana, hapa hapa Uvira, kwenye studio ya picha nyeusi na nyeupe. Mwenye studio tulimwita Patron. Nyuma kulikuwa na chumba cha giza chenye mabeseni ya dawa: moja la kutoa sura kwenye karatasi, jingine la kuikaza isifutike. Mimi sikugusa dawa. Kazi yangu ilikuwa kukata na kupanga. Picha zikishakauka nilizipunguza kingo kwa mkasi, nikazishika kwenye kurasa za albamu kwa vipembe vidogo vya karatasi yenye gundi, kisha nikaandika chini kwa kalamu nyeupe: Ubatizo, Harusi, Siku ya Diplome. Patron alikuwa akipita nyuma yangu bila viatu, usimsikie, na unapoanza kukata ndipo anaposema, "Picha ya muntu ni muntu. Na mukasi haijue kuomba samahani." Hapo mkono wangu ulikuwa unatetemeka zaidi. Nadhani alitaka utetemeke.

Baadaye nilipelekwa kwenye tawi la Kamanyola, chini ya Chef d'agence, mkuu wa tawi, bwana mmoja aliyevaa tai hata jua la bondeni likiwa linachoma. Huko picha zilikuwa za rangi, na filamu zilikwenda kusafishwa ng'ambo ya mpaka. Mpaka ukifungwa, harusi ya watu imekwama upande wa pili. Mteja akija kuuliza, Chef alikuwa na jibu moja, "Filamu iko mu njia," na kisha anaingia ndani na kuniachia mimi huyo mteja. Nilijifunza kutabasamu na kumpa kiti. Simu zilipoanza kupiga picha, filamu zilikwisha, tawi likafungwa, nikarudi Uvira nikiwa na mkasi wangu na sijui niutumie wapi.

Ndipo Gérant aliponichukua. Alikuwa kijana aliyesomea Bukavu, mwepesi wa mikono na wa maneno, na kwenye kazi yake alikuwa mzuri kweli. Alisema watu hawaleti tena filamu, wanaleta picha za zamani zilizoharibika, na wanataka albamu mpya. Ziwa lilikuwa limepanda na kuingia nyumba za pwani, na kila nyumba ilikuwa na albamu yake chini ya kitanda. Alitaka mtu anayejua kupanga ukurasa. Vidole vya kufinya, alisema, atanipa yeye.

Basi hivi ndivyo alivyonipa. Picha ya karatasi unailaza kifudifudi kwenye skana, sanduku lenye kioo na taa, nayo inaingia kwenye mashini. Unaiweka kwenye dossier yake, kabati ndogo yenye jina la mteja, usije ukachanganya marehemu wa huyu na bwana harusi wa yule. Kisha unafungua ukurasa mtupu. Unatafuta fond, rangi ya nyuma, na Gérant alinikataza nyekundu kwa sababu inameza sura za watu. Unaleta picha juu yake, unaizungushia cadre, fremu yake, unaandika maneno chini. Na kila unapofanya jambo moja, unafinya enregistrer ili mashini iweke akilini, kwa kuwa umeme wa kwetu hauagi. "Usianzie ku maua," alinifundisha. "Anzia ku sura. Maua itajileta yenyewe." Wanaoanza wote wanaanzia kwenye maua. Hata mimi.

Jambo lililonitesa zaidi ni rogner. Rogner ni kukata: unashika ukingo wa picha, unausukuma ndani, na kile usichokitaka kinapotea. Nilipoona bega la mtu linapotea mbele ya macho yangu, na hakuna kipande kilichoanguka mezani, nilishtuka. Kwa Patron, ukikosea kukata, angalau kipande unakiokota chini. Hapa kimekwenda wapi? Gérant alicheka tu na kwenda kumhudumia mteja.

Kwa hofu hiyo nikajitengenezea ukurasa wa mazoezi. Picha za mteja zikishaingia, nilizileta kwanza kwenye ukurasa huo, nikajaribu kukata, kuzungusha, kuweka nyota na maua, ndipo niende kwenye albamu yenyewe. Niliuhifadhi kwenye uso wa mashini, pale panapofunguka kwanza, si kwenye dossier ya mtu yeyote, nikauandika jina kwa herufi kubwa: YA KUHARIBU. Gérant aliuchukia.

"Mama Sifa, unaweka picha nzima-nzima mu ile karatasi. Inakuwa nzito, machine iko nakwama. Si punguza kwanza?"

Kupunguza alinionyesha zaidi ya mara moja, sikuelewa. Kulikuwa na dirisha lenye tarakimu, na tarakimu zikanichanganya. Niliendelea kuziweka nzima, na kila alipopita niliufunga ukurasa haraka.

Mama Riziki alikuja asubuhi moja akiwa amebeba beseni lililofunikwa kwa kitenge. Tulikuwa tukisali kanisa moja, kwa hiyo nilijua yaliyompata: mume wake, askari aliyetoka mbali, upande wa magharibi wa nchi, alikuwa amefariki kwa ugonjwa, na kabla kilio hakijaisha ziwa likaingia ndani ya nyumba. Ndani ya beseni kulikuwa na albamu ile ya kurasa zenye nailoni. Ilikuwa imevimba.

"Siku ya kumaliza kilio, bakwe zangu banakuya," alisema. Kumaliza kilio ni ile siku familia zote mbili zinapokutana, nguo za msiba zinavuliwa, na watu wanarudi kwenye maisha. "Hawajaniona hata siku moja. Kwao ni mbali, siku ya mahari hawakufika. Nataka baone kama mutoto wao alikuwa na nyumba, hakuwa mupita-njia kwangu. Dada, ninakuomba."

Aliponiita dada, nilijua sitakula vizuri mpaka siku hiyo ipite.

Picha iliyolowa ni kazi ya kuogopesha hata kwa asiyeogopa. Unaingiza uzi chini yake taratibu, unaibandua, unailaza kwenye skana, na hiyo ndiyo nafasi yako. Ikishakauka inajikunja na kupasuka. Nyingine sura ilibaki kwenye nailoni, nikabaki nimeshika karatasi nyeupe. Lakini zilizoingia kwenye mashini ziliingia vizuri, na moja hasa: ile ya Makobola, siku ya mahari, nyumbani kwa wazazi wa mama Riziki, yeye na mume wake wamesimama mbele ya mlango. Gérant alitaka ukurasa wa kwanza uwe na sura ya marehemu peke yake, kama desturi, kwa hiyo kwenye karatasi yangu ya kuharibu nilifanya zoezi la kumtenga. Nilisukuma ukingo, mama Riziki akapotea, akabaki baba Riziki. Kwa kujaribu nilimvisha mduara wa maua na kumwekea maandishi ya siku ya kuzaliwa yaliyokuwa tayari ndani ya mashini.

Kisha dada yangu mkubwa akaugua Makobola, nikaomba ruhusa nikamwangalie. Niliondoka nikiwa na kazi nusu, na njiani nilikuwa nikijiuliza kama nilifinya enregistrer. Nilikuwa nimefinya.

Shida ilitoka mahali ambapo sikupafikiria. Nikiwa Makobola, shemeji wa mama Riziki, mdogo wa marehemu, askari naye, alipiga simu studio. Yeye ni mtu wa Lingala. Gérant, mtoto wa Bukavu, Lingala yake ilikuwa ya nyimbo tu. Yule bwana aliuliza, "Photo ya yaya, nafuta nyonso lelo?" Nyonso Gérant aliijua, ni zote. Lelo ni leo, hata mtoto anajua. Yaya ni kaka. Na kufuta, kwa Gérant, ilikuwa kufuta ya Kiswahili.

Wala halikuwa ombi la ajabu. Askari wengi walikuwa wakituambia hivyo hivyo: hawapendi sura zao zibaki kwenye mashini ya watu, zisije zikazurura kwenye simu. Gérant alidhani familia imebadilisha nia. "Eh, sawa, leo leo," alijibu, na akafanya alichodhani ameambiwa. Alifuta dossier nzima, albamu ndani yake. Akamwaga na corbeille, pipa la takataka la mashini, kwa kuwa alikuwa mtu wa kumaliza kazi.

Lakini kwa Lingala, kufuta ni kulipa. Yule bwana alikuwa anauliza kama alipe zote leo.

Kosa hilo tuliligundua nilipokuwa nimerudi, yule shemeji alipofika mwenyewe, mkono mfukoni, akisema amekuja kufuta. Gérant alimwambia kwa fahari kwamba zimeshafutwa. Bwana akashangaa nani amelipa kabla yake. Walizunguka hapo kidogo, mmoja akitabasamu na mwingine akitabasamu, mpaka nikaona uso wa Gérant unabadilika. Nilikuwa nimeishi Kamanyola, nilisikia Lingala ya askari kila siku. Nilielewa kabla hajamaliza kuelewa. Nilikaa.

Gérant alipekua mashini yote. Alimpigia fundi wake wa Bukavu, akafuata kila alichoambiwa, na vilivyorudi vilikuwa majina ya picha bila picha ndani. Flash ya akiba, kile kijiti cha kuhifadhia picha, hatukuwa nayo, alikuwa amezipiga marufuku kwa sababu zilileta virusi. Shemeji alikaa kwenye benchi, kofia magotini. Na mama Riziki, ambaye shemeji alikuwa amepatana naye wakutane pale, aliingia akatukuta hivyo.

Nitampa Gérant haki yake. Hakujificha nyuma ya mtu. Alisimama akamwambia, "Mama, picha zimepotea. Ni minye nilizifuta. Nilisikia vibaya."

Mama Riziki hakupiga kelele. Alitazama beseni lake, lililokuwa bado pembeni na karatasi zilizojikunja ndani yake. "Hata ile ya Makobola?" aliuliza.

Aliposema Makobola, nikaikumbuka karatasi yangu, ambayo haikuwa kwenye dossier iliyofutwa. Na sikufurahi, niwaambie ukweli. Niliogopa. Kwa sababu nilijua kilichomo: marehemu wa watu amevishwa maua ya siku ya kuzaliwa, mbele ya mjane na ndugu yake, siku chache kabla ya kumaliza kilio. Nilifikiri kunyamaza. Halafu nikaona mama Riziki hawezi kupoteza zaidi ya alichopoteza.

"Kuna moja mu karatasi yangu ya kuharibu," nilisema. "Lakini haiko ya heshima."

Ilifunguka polepole, kwa kuwa ilikuwa nzito. Baba Riziki akatokea katikati ya maua yake, nyota kila kona, na chini yake maneno JOYEUX ANNIVERSAIRE. Nilifumba macho. Niliposikia sauti sikujua kama ni kilio au kicheko. Nilipofumbua, mama Riziki alikuwa amejifunika mdomo kwa kitenge.

"Hakupenda siku ya kuzaliwa," alisema. "Alikuwa anasema ni mambo ya batoto." Alitazama tena, akasogea karibu na kioo. "Na minye, niko wapi? Nilikuwa hapa, ku mukono wake wa kushoto."

Ningesema nini? Kwamba nilimkata kwa mazoezi?

Gérant ndiye aliyeniinamia. "Mama Sifa. Ulimukata na nini? Mu skana, ao na rogner?"

"Na rogner."

"Na picha uliingiza nzima?"

"Nzima-nzima. Si ulinigombeza."

Aliondoa mikono yake mezani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Shika ukingo. Uvute."

"Minye?"

"Weye. Minye leo sigusi kitu."

Nilishika souris. Mshale ulichezacheza juu ya ukingo bila kuushika. Nilivuta. Kwanza ulitoka ukuta, kipande cha ukuta wa udongo na kivuli. Nikafikiri ndiyo mwisho wake. Nilivuta tena, likatoka bega, kisha kitambaa cha kichwa, kisha mama Riziki mzima, kijana, ameinamisha macho, mkono wake umeshikwa. Picha ikiingizwa nzima kwenye ukurasa wa namna ile, rogner haikati. Inafunika tu. Gérant alilijua hilo siku zote, ila hakuwahi kufikiri kuniambia, na mimi niliogopa kuuliza.

Shemeji alikuwa ameinuka kutoka kwenye benchi. Alimtazama mama Riziki wa kwenye kioo, akamtazama aliyesimama.

"Mwasi na ye," alisema. Mke wake. Halikuwa swali.

Tuliondoa maua. Kwenye karatasi ile kulikuwa na picha nyingine chache nilizojaribia, kwa hiyo albamu ya mama Riziki ilitoka nyembamba. Nilimuuliza kama nijaze kurasa zilizobaki kwa mapambo, akakataa. Siku ya kumaliza kilio nilikaa nyuma kabisa, nikimwangalia mama mkwe wa mama Riziki. Alifungua albamu, akaangalia ukurasa wa Makobola muda mrefu, akaweka kidole kwenye uso wa yule msichana aliyeinamisha macho. Kisha akasogea kwenye mkeka na kumwonyesha mama Riziki akae karibu yake. Hapo ndipo nilipokula.

Gérant na mimi tulifanya kazi pamoja miaka mingine baada ya hapo. Alinunua flash, akawa mwoga karibu kama mimi, na mteja wa Lingala akija ananiita mimi kwanza. Karatasi ya kuharibu hakuichukia tena. Nilistaafu macho yalipoanza kunidanganya kati ya kijivu na bluu, na mtu wa picha asiyejua rangi ni heri aondoke kabla hajaambiwa.

Sasa nakaa nyumbani na kompyuta ya kubeba aliyoniachia binti yangu. Vijana wanaleta kurasa zao niwaangalizie, wamejaza maua, nami nawaambia waanzie kwenye sura. Wananiuliza pia kwa nini, kabla sijasema lolote, nashika ukingo wa kila picha na kuuvuta. Huwa nawajibu kwamba ni mazoea. Mara nyingi hakuna kitu pale, ukingo unagoma tu, picha iliishia hapo. Lakini bado nauvuta, kwa sababu sijui ni nani aliyesimama upande wa pili, akingoja mtu amuulize yuko wapi.